Betri imeuliwa na bati, si na chaja

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni wakala wa pesa Msamvu, Morogoro. Simu yangu ya kazi nilinunua miaka miwili iliyopita, ina betri ya 5000 mAh, na inashinda kwenye chaja kibandani toka asubuhi mpaka nafunga. Siku hizi nikiichomoa haikai na chaji, ikifika 40% inazima yenyewe. Mume wangu anasema nimeiharibu kwa sababu siiachi ikaisha kabisa ndipo nichaji. Mama mkwe anasema ni kulala huku inachaji. Kijana wa duka la simu anasema nisivuke 80%. Nimsikilize nani? Halafu kishikwambi cha mume wangu, ambaye ni mwalimu, kilikaa kabatini toka mwaka jana na sasa hakiwaki kabisa. Ndiyo kimekufa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na mambo ya nyumbani ili mlale kwa amani: mume wako amekosea, mama mkwe amepatia robo, na kijana wa duka amepatia kuliko wote, ila nadhani hakukueleza sababu. Lakini mhalifu mkubwa hukumtaja, umempitia tu uliposema "kibandani". Vibanda vya mawakala ninavyovijua mimi vingi ni vya bati, vimesimama juani, dirisha moja dogo la kupokelea hela. Kama chako ndivyo kilivyo, basi betri yako imeuliwa na bati.

Watengenezaji wa simu, Apple wakiwamo, wanataka simu itumike penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Wewe unaijua Morogoro ya mwezi wa pili. Hapo nje kivulini tu umeshaikaribia hiyo 35. Sasa ingia ndani ya bati saa saba mchana. Ongeza joto la simu yenyewe inapoingiza chaji, ongeza kava nene la mpira, ongeza kioo kinachowaka kutwa nzima. Hiyo betri inapikwa.

Na ninaposema inapikwa sifanyi utani. Ndani ya betri kuna karatasi mbili nyembamba za metali zilizokunjwa pamoja kama mkeka. Moja imepakwa grafaiti, nyingine imepakwa madini yenye lithiamu, na katikati kuna kimiminika. Ukichaji, lithiamu inahama upande wa pili na kujipenyeza kwenye grafaiti. Ukitumia simu, inarudi ilikotoka. Safari ni hiyohiyo kila siku. Tatizo ni kwamba kila safari kidogo ya lithiamu inanasa juu ya grafaiti na kufanya utando, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukoko mwembamba ni wa kawaida, hata unahitajika, maana unaikinga grafaiti isiliwe. Lakini moto ukizidi ukoko unanenepa, na lithiamu iliyogeuka ukoko hairudi tena kuwa wali. Uwezo wa betri unaopotea hivyo haurudishwi na fundi yeyote, wala na programu yoyote ya "kuponya betri" unayoiona ikitangazwa. Hizo zifute, zinakula chaji bure.

Wahandisi wa betri wana hesabu moja ambayo huwa nawasomea wateja wangu. Chukua betri ya lithiamu yenye chaji 40%, iweke mwaka mzima mahali penye nyuzi 25: itabaki na karibu 96% ya uwezo wake. Chukua nyingine, ijaze 100%, iweke mwaka huohuo kwenye nyuzi 40: itabaki na kama 65%. Hapo haijapiga hata simu moja, imekaa tu. Joto peke yake linaumiza, kujaa peke yake kunaumiza kidogo, ila vikikutana ndipo balaa. Wewe vimekutana kwako saa kumi kwa siku, kwa miaka miwili.

Hapa ndipo yule kijana alipopatia. Kujaa kunaumizaje? Fikiria daladala asubuhi. Ikiwa tupu watu wanaingia mbio na kila mtu anapata siti. Siti zikiisha wanasimama, bado kuna nafuu. Baada ya hapo konda anaanza kusukuma: "sogea nyuma, bado ndani!" Kila anayeongezeka anaingia kwa taabu, na milango inalalamika. Betri ni vivyo hivyo. Kuanzia chini mpaka kama 70 au 80% chaja inasukuma umeme mwingi kwa kasi. Baadaye volti ya betri inafika kikomo, yaani 4.2 kwa betri za kawaida, na za simu za sasa huvuka 4.4, ndipo simu inaanza kupunguza umeme polepole mpaka mwisho. Ndiyo maana ile 20% ya juu inachukua muda mrefu hivyo. Betri ikikaa kwenye volti hizo za juu, kile kimiminika kinaanza kuharibika na ukoko unanenepa haraka. Kushinda na 100% ni sawa na daladala iliyoshona kupaki stendi kutwa nzima na abiria wote ndani, kwenye jua.

Kwa hiyo kwako wewe, ambaye simu haiondoki mezani, hiyo 80% ina faida kubwa. Simu nyingi za sasa zina swichi ya kuzuia chaji isivuke hapo; ingia kwenye mipangilio, upande wa betri, utafute maneno kama ulinzi wa betri. Samsung wanayo, iPhone wanayo kuanzia toleo la 15, na kampuni nyingine zina majina yao. Ukiiwasha, acha waya hata kutwa, simu itasimama kwenye 80 na kunywa tu kile inachokitumia. Simu yako ikiwa haina swichi hiyo, chaji asubuhi kukiwa bado na ubaridi, ichomoe ikifika 80 au 85, uichomeke tena mchana ikishuka 30 au 40. Usikae na saa mkononi. Ikipita ikafika 90 hakuna aliyekufa.

Ila naomba hili lisigeuke sheria ya nyumba nzima. Mume wako akienda kusimamia mitihani kijijini, ajaze 100% aondoke zake, maana simu iliyojaa asubuhi na kutumika mchana haikai juu muda mrefu. Betri ni kama tairi, imenunuliwa itembee. Naona watu siku hizi wanaihudumia betri kama mgonjwa, wanatembea na 50% mfukoni kwa kuogopa kuichosha, halafu wanakwama njiani bila simu. Huo nao ni ujinga, samahani kwa neno.

Joto, hilo ni la watu wote. Simu itoke kwenye ukuta wa bati, isipigwe na jua la dirishani, ivuliwe kava inapochaji, na feni kama ipo ipate kidogo. Usiiweke juu ya mashine nyingine inayotoa joto. Hata kuilaza juu ya kigae au meza ya mbao badala ya kitambaa kunasaidia. Wala usiiweke kwenye friji kuipoza kama wanavyofanya wengine. Ikitoka humo inatoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo linaloleta kutu kwenye saketi. Na jamaa zetu wa bodaboda wanaofunga simu mbele ya usukani, ramani imewaka, chaja imechomekwa, jua la saa nane: yanayoikuta simu yako yanaikuta na yao, na pengine kwa kasi zaidi.

Bati lina kosa la pili ambalo watu hawalifikirii. Linazuia mtandao. Simu ikiwa ndani ya sanduku la chuma inapata mawimbi kwa shida, na simu isiyosikia mnara vizuri inapaza sauti: inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike. Nguvu hiyo inatoka kwenye betri, na nyingine inageuka joto. Wewe pengine una laini mbili humo, na siku nzima unapiga menyu za kutuma na kutoa. Ukisogeza simu karibu na dirisha, kivulini, unaweza kuona chaji inakaa zaidi hata kabla hujabadilisha kitu. Kama mtandao wa 4G hapo kwako unakuja na kuondoka, jaribu kuilazimisha simu ibaki kwenye mtandao ulio imara, kwa sababu kuhamahama nako kunakula chaji.

Sasa mume wako. Asijisikie vibaya, alichokisema kilikuwa kweli zamani. Betri za nikeli na kadimi, zile za simu za mwanzo na redio za upepo, ukizichaji mara kwa mara kabla hazijaisha zilikuwa na tabia ya "kukumbuka" hapo ulipozoea kuanzia, zikawa kama hazioni sehemu iliyobaki. Ndiko ulikotoka ushauri wa kuimaliza kabisa, na ule mwingine wa kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuitumia. Sony waliingiza betri ya lithiamu sokoni mwaka 1991, nayo haina kumbukumbu hiyo. Walioitengenezea njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko wote waliowahi kupewa Nobel. Teknolojia imebadilika, ushauri umebaki uleule, unarithishwa kama methali. Betri ya lithiamu hupenda kuongezwa kidogo kidogo. Kuishusha mpaka sifuri kila siku kunaichosha zaidi kuliko kuichaji mara tatu.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kuimaliza kunakirekebisha: namba. Ile asilimia unayoiona kiooni ni makadirio ya simu, si kipimo cha ndoo. Baada ya muda makadirio yanapotea, na kuiacha ishuke mpaka izime kisha kuijaza moja kwa moja huisaidia simu kukumbuka mwisho uko wapi na juu ni wapi. Mara moja baada ya miezi michache inatosha. Hapo umerekebisha saa ya ukutani, betri yenyewe hujaiponya.

Mama mkwe naye, mpe heshima zake kwa ile robo. Simu ya leo ikijaa inafunga mlango yenyewe, haiendelei kumeza umeme usiku kucha mpaka ipasuke. iPhone toka mwaka 2019, na Android nyingi baada ya hapo, zinajifunza hata saa unayoamka: zinasimama kwenye 80 usiku na kumalizia alfajiri. Usiku pia ni baridi kuliko mchana, kwa hiyo betri yako ingekuwa salama zaidi ikichajiwa chumbani saa nane za usiku kuliko kibandani saa nane za mchana. Na kama mama hofu yake ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwambie hesabu hii: betri ya 5000 mAh inabeba wati-saa kama 19, ukihesabu na unaopotea njiani tuseme 25. Uniti moja, yaani wati-saa 1000, inachaji simu hiyo mara arobaini.

Robo yake ni hii. Simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro, joto halina pa kutokea. Na chaja feki ni hatari usiku na mchana. Chaja nzuri ina vifaa vinavyoutenganisha umeme wa ukutani wa volti 230 na ule mdogo unaokwenda kwenye simu. Feki nyingi zimeruka hatua hiyo au zimeifanya kwa kuibia. Ukiishika utaiona nyepesi kama ganda la yai. Ikichomekwa kioo kinachezacheza, hakisikii kidole. Hiyo tupa. Chaja yenye wati nyingi ya kampuni inayoaminika haina shida, hata kama simu yako ni ndogo, kwa sababu simu ndiyo inayoamua inywe kiasi gani. Chaja ya wati 33 hailazimishi simu ya wati 10. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi mara nyingine unarudi kwa kishindo, na wa kwanza kupigwa ni chaja.

Kuhusu kuzima kwenye 40%, rudi kwenye ule ukoko. Ukoko mnene hauli uwezo tu, unaziba njia pia. Simu ikiwa imetulia inaomba umeme kidogo, betri inatoa. Ukifungua kamera au ukituma muamala kwenye mtandao dhaifu, simu inaomba mwingi kwa ghafla. Betri iliyochoka inajitahidi, volti inaanguka, simu inaona bora izime kuliko kuharibu kumbukumbu zake. Ipime hivi: ikizima, ichomeke kwenye chaja uiwashe mara moja. Ikionyesha 35 au 38, basi chaji ilikuwapo, betri imeshindwa tu kuitoa. Apple walikumbana na jambo hili hadharani: mwaka 2017 walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zilizochakaa betri ili zisizime ghafla, watu wakapandisha hasira, na mwaka 2018 kampuni ikauza betri za kubadilisha kwa bei ya chini.

Miaka miwili si umri wa kushangaza. Betri inahesabiwa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni jumla ya 100% iliyotumika: ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mmoja. Apple wanasema iPhone 14 na za nyuma zimetengenezwa zibaki na 80% ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia 15 ni mizunguko 1000. Umoja wa Ulaya toka Juni 2025 unazitaka simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa kwao vifikishe mizunguko 800 vikiwa na angalau 80%. Mtu wa mzunguko mmoja kwa siku anafika 500 kwa mwaka na nusu hivi. Kwa hiyo badilisha betri, usibadilishe simu. Chagua fundi anayekuruhusu kuangalia akifanya kazi. Betri iwe ya toleo la simu yako hasa, na ukiona imeandikwa tarehe ya kutengenezwa, chukua ya karibuni. Betri iliyokaa dukani miaka mitatu kwenye joto la Kariakoo ni mpya kwa plastiki tu. Ikiandikwa uwezo mkubwa mara mbili kuliko ya zamani na ukubwa uleule, umeshajua ni feki.

Kishikwambi. Baada ya sensa ya 2022 walimu wengi waligawiwa vishikwambi, na tangu hapo najibu swali hili kila likizo. Kifaa kilichozimwa bado kinakunywa chaji kidogokidogo, na betri yenyewe inavuja taratibu. Kikiingia kabatini na 5%, baada ya miezi kadhaa volti zimeshuka chini kabisa na saketi ya ulinzi ndani ya betri imefunga mlango. Kitazame kwanza kwa ubavu: kioo kimenyanyuka? Mgongo umevimba? Kikiwa kimevimba usikiguse na chaja, ile ni gesi iliyotokana na kile kimiminika kuoza, na ikipata moto au tundu inawaka. Kipeleke kwa fundi, na betri hiyo isitupwe jalalani ambako takataka huchomwa moto.

Kikiwa bapa, tumia chaja yake yenyewe, kiache saa moja au mbili bila kubonyeza kitu. Vingi huamka polepole, kwanza picha ya betri, baadaye nembo. Kikigoma, mruhusu fundi akiamshe kwa mashine yenye kikomo cha umeme. Yule anayeunganisha waya mbili moja kwa moja kwenye betri na kuhesabu mpaka kumi, mshukuru uondoke: betri iliyoshuka sana shaba yake ya ndani huwa imeanza kuyeyuka, na kuisukuma kwa nguvu kunaweza kutengeneza njia ya mkato ndani. Ikiamka na kushika chaji vizuri, siku nyingine kabla ya kukiweka kabatini kishushe au kipandishe mpaka kama 50%, kizime, kikae chumba chenye hewa, na kitolewe kuongezewa angalau kila baada ya miezi sita. Mimi kwa hali ya hewa yetu ningesema mitatu.

Na siku utakayopeleka ile simu ya kazi kubadilishiwa betri, usiijaze asubuhi ili "fundi apate kuijaribu". Ipeleke ikiwa chini ya 25%. Fundi ataibandua betri kwa kisu cha plastiki na gundi inang'ang'ania. Mkono ukiteleza, betri iliyo karibu tupu hatari yake ni ndogo, iliyojaa inaweza kuunguza meza yake.